Nusukaputi ya Farasi na Mlio wa Fahali Wetu

Kuna swali ambalo wanafunzi wangu hawachoki kuniuliza kila wanapotazama zile filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Kwa nini farasi akivunjika mguu hupigwa risasi badala ya kufungwa plasta kama afanyiwavyo binadamu? Jibu lililozoeleka, ambalo hata walimu wenzangu hulitoa pasi na kusita, ni kwamba mfupa wa farasi hauungi. Jibu hilo halina ukweli. Mfupa wa farasi huunga kama mfupa wa mnyama mwingine yeyote. Shida ni kwamba farasi hawezi kukaa kitandani majuma sita akingoja uunge, na tena kabla ya mfupa kutengenezwa hana budi kulazwa kwa dawa, kisha aamshwe. Katika huko kuamka ndiko anakoweza kupotea hata baada ya upasuaji uliofaulu.

Mfano ambao matabibu wa wanyama hawajausahau ni ule wa Ruffian, farasi jike wa Marekani aliyekuwa ameshiriki mbio 10 na kushinda zote 10. Tarehe 6 Julai 1975, katika uwanja wa Belmont Park, New York, alishindanishwa na Foolish Pleasure, dume aliyekuwa ametwaa ushindi wa Kentucky Derby mwaka uo huo. Walikuwa wawili tu uwanjani, na mamilioni ya watu walikuwa wakiwatazama kwenye televisheni. Mbio hazijafika mbali, mifupa ya mguu wake wa mbele wa kulia ikavunjika, naye akazidi kukimbia juu ya mguu huo huku mpandaji akijitahidi kumzuia. Usiku ule alilazwa kwa nusukaputi, akapasuliwa, mguu ukafungwa. Kisha dawa ikaanza kumtoka. Ruffian, akiwa amelala ubavu na fahamu zake zingali zimefunikwa na ukungu, alianza kurusha miguu kana kwamba mbio hazijakwisha. Akaiharibu ile plasta na kujiumiza upya, hata ikawa hapana budi kumwua kabla ya kupambazuka. Alizikwa mumo humo uwanjani alimovunjikia.

Mtu asiyejua mambo atasema kwamba madaktari wale walizembea. Sidhani. Hebu tutazame farasi ni kiumbe wa namna gani. Ni mnyama ambaye kwa maelfu ya miaka aliishi kwa kuwakimbia wanaomwinda. Kwake, kulala chini bila ya uwezo wa kusimama ni sawa na kifo. Kwa hivyo akizinduka tu, kabla ya akili kurejea sawasawa na kabla ya misuli kupata nguvu, silika humwamrisha asimame papo hapo. Binadamu aliyepasuliwa hufumbua macho, akaomba maji, akalala tena. Farasi wa kilo 500 hujitupa juu kwa miguu isiyoshikika, akaanguka, akajitupa tena, na kila anguko ni hatari ya kuvunja mfupa ambao asubuhi ulikuwa mzima. Ndiyo maana katika hospitali kubwa za farasi kuna chumba maalumu cha kuzindukia ambacho kuta na sakafu yake zimefunikwa kwa magodoro mazito, na aghalabu kamba hufungwa kichwani na mkiani ili watu walio nje ya chumba wamsaidie kuinuka bila ya kukanyagwa.

Lakini hatari haianzii kwenye kuzinduka. Huanza mara tu mnyama anapolala. Maumbile ya farasi yalikusudiwa kusimama. Hata usingizi wake mwingi huupata akiwa wima. Akilazwa chali au ubavu, uzito wa matumbo husukuma kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mapafu yakabanwa. Pafu la chini ndilo linalopata damu nyingi, maana damu hufuata mteremko kama maji yafuatavyo mkondo. Ilhali hewa huingia zaidi katika pafu la juu lililo huru. Damu ipo huku, hewa iko kule, na viwili hivyo havikutani ipasavyo. Mnyama anaweza kuwa anavuta pumzi vizuri machoni petu, kumbe damu yake inakosa oksijeni.

Fauka ya hayo, kuna misuli. Nusukaputi hushusha nguvu ya damu mwilini, na misuli iliyolaliwa na uzito wa nusu tani hukosa damu ya kutosha. Ikikaa hivyo kwa saa mbili au tatu huanza kufa. Farasi huamka akiwa na maumivu makali, jasho likimtiririka, mguu hauwezi kubeba kitu, na hakuna mtu aliyeugusa mguu huo kwa kisu. Ndipo daktari wa nusukaputi hukesha na kipimo cha msukumo wa damu mkononi, akijitahidi usishuke chini ya milimita 70 za zebaki, na ndipo magodoro ya meza ya upasuaji ya farasi yakawa mazito kupita ya kitanda cha tajiri.

Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya habari za farasi zaidi ya 41,000 kutoka hospitali nyingi, ulionyesha kwamba hata tukiwatoa wale waliopasuliwa kwa msokoto wa matumbo, takriban farasi 1 katika kila 100 waliolazwa kwa nusukaputi alikufa katika muda wa siku 7. Karibu robo ya vifo hivyo ilitokana na mifupa iliyovunjika, na hapo ndipo ninapomwomba mwalimu asimame na kuwaacha wanafunzi wafikiri. Farasi aliyeletwa hospitalini kwa ajambo jingine kabisa alikufa kwa kuvunjika mguu katika jitihada ya kuamka! Kwa binadamu mwenye afya, kifo kitokanacho na nusukaputi yenyewe huhesabiwa kwa mmoja katika maelfu mengi. Tangu mwaka 2002 dawa na vyombo vimeimarika, na takwimu nazo zimekuwa afadhali. Hata hivyo pengo baina ya farasi na mtu lingali kubwa mno.

Kifo cha Ruffian hakikuenda bure. Miaka 31 baadaye, mwezi Mei 2006, farasi mwingine mashuhuri, Barbaro, alivunjika mguu wa nyuma katika mbio za Preakness mjini Baltimore. Alipasuliwa katika hospitali ya New Bolton Center, Pennsylvania. Walipomaliza, hawakumpeleka kwenye chumba cha magodoro. Walimning'iniza kwa kombeo, wakamshusha ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu, miguu yake ikiwa imevishwa chombo cha mpira mfano wa mtumbwi. Alipozinduka na kuanza kupiga mateke, hakukuwa na sakafu ya kumvunja. Alipotulia alinyanyuliwa akapelekwa zizini kwake. Aliishi miezi minane zaidi, hadi ugonjwa wa kwato uliotokana na kuelemea miguu mingine ulipomshinda, naye akauawa kwa huruma Januari 2007. Nusukaputi, kwa upande wake, ilikuwa imefaulu.

Msomaji wa Kitui au Kapsabet ana haki ya kuniuliza haya yote yanamhusu nini. Farasi wetu si wengi; ukiwatoa wale wa uwanja wa Ngong na wa mashamba machache ya Laikipia na Naivasha, mtoto wa Kenya anaweza kumaliza shule bila ya kumwona farasi ila vitabuni. Tunao wanyama wengine wakubwa, na kila mmoja ana ugumu wake. Ng'ombe ana tumbo la kwanza linaloweza kubeba zaidi ya lita 100 za majani yanayochachuka na kutoa hewa. Akilazwa, hewa ile hukosa njia ya kutokea, tumbo hufura na kubana mapafu. Au majani hurudi kinywani na kuingia katika njia ya pumzi. Punda naye si farasi mdogo, kama wadhaniavyo wengi: mwili wake huimaliza ketamini upesi kuliko mwili wa farasi, na daktari asiyejua hilo atashtukia mgonjwa anaamka kisu kikiwa bado kazini. Tena kuna dawa ya kutuliza iitwayo zailazini, ambayo ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya kipimo cha farasi. Anayekadiria kwa macho, akasema mnyama huyu ni mkubwa kama yule kwa hivyo dawa iwe sawa, ataua ng'ombe wa watu.

Huko mbugani mambo huzidi kutatanisha. Ndovu akianguka kifudifudi hana budi kusukumwa haraka alale ubavu, kwa maana kifua chake hakiwezi kupanuka chini ya uzito ule. Na mkonga wake lazima uangaliwe usikunjike, hata utaona wauguzi wamechomeka kijiti katika tundu la pua ili hewa ipite. Twiga, ambaye moyo wake umezoea kusukuma damu hadi juu kabisa, hawezi kuachwa katika usingizi huo muda mrefu. Hupigwa mshale wa dawa, akayumba, akaangushwa kwa kamba, na mara tu anapogusa ardhi huchomwa dawa ya kuivunja ile ya kwanza. Kisha watu huikalia shingo yake, naye akiwa macho, amefungwa kitambaa usoni, kazi ikafanywa upesi.

Dawa iliyowezesha hayo huitwa etofini. Ilitengenezwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo ina nguvu zaidi ya mara 1,000 kuliko mofini. Miligramu tatu au nne, yaani kiasi ambacho ungeweza kukidhania vumbi, humwangusha kifaru mweupe wa tani mbili. Tone lake likiingia katika jeraha la daktari, linaweza kumwua yeye. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ya mishale ya dawa alikuwa Toni Harthoorn, aliyefundisha udaktari wa wanyama hapa Nairobi na ambaye alishiriki katika kuwahamisha vifaru weupe wa Umfolozi, Afrika Kusini, katika miaka hiyo ya 1960. Vifaru weupe wa kusini walio Kenya leo ni wa ukoo huo. Maisha ya Harthoorn ndiyo yaliyowapa Wamarekani wazo la mchezo wa televisheni ulioitwa Daktari, ulioonyeshwa tangu 1966 hadi 1969. Hivyo ndivyo neno letu lilivyoingia katika sebule za dunia, ingawa mchezo wenyewe ulipigwa picha zaidi huko California!

Lakini hata etofini haimalizi wajibu wa aliyeitumia. Mwezi Julai 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa hadi Tsavo Mashariki. Walilazwa, wakasafirishwa, wakaamka. Kisha wakanywa maji yenye chumvi nyingi yaliyokuwa katika makao mapya. 10 wakafa, na yule wa 11, aliyekuwa amedhoofika, akashambuliwa na simba naye akafa. Dawa haikuwaua. Waliuawa na yaliyowangoja baada ya dawa, na katika hesabu yangu hilo ni kosa la ukoo mmoja na lile la kumwacha farasi azinduke peke yake juu ya saruji.

Kwa upande wa pili, ninao mfano unaonipa moyo. Tarehe 22 Agosti 2019, huko Ol Pejeta, Laikipia, Najin na bintiye Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho wanaojulikana duniani, walilazwa kwa nusukaputi ili mayai yao yavunwe. Yalipatikana mayai 10. Kazi ikarudiwa mara kadhaa. Oktoba 2021 wataalamu wakatangaza kwamba Najin, aliyekuwa na umri wa miaka 32, hatalazwa tena kwa kazi hiyo. Walipima umri wake na afya yake, wakapima faida ya mayai machache ambayo angeweza kuyatoa, wakaona hatari haistahili. Fikiria uzito wa uamuzi huo. Waliobaki ni wawili, nao wakasema huyu mmoja tumwache apumzike. Sijui kama kuna somo la maadili lililo bora kuliko hilo katika vitabu vyetu.

Sasa niyarudie ya kwetu. Neno nusukaputi lina nusu ndani yake, na nusu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 farasi wengi ng'ambo walihasiwa kwa dawa iitwayo saksinilikolini. Mnyama alianguka, akatulia tuli, akapasuliwa bila ya kurusha mguu, na wenye farasi wakafurahi. Kumbe dawa ile hulegeza misuli tu, hata ile ya kuvutia pumzi. Haigusi fahamu wala haiondoi maumivu hata chembe. Farasi alikuwa macho muda wote, akisikia kila mkato, ila hakuwa na msuli wa kusema hivyo. Madaktari walipoutambua ukatili huo, waliiacha. Tangu nilipoisoma habari hiyo, sijaweza tena kumtazama mnyama aliyefungwa kamba akanyamaza nikasema kwamba haumii.

Kwa maana sisi tunafanya jambo la namna hiyo bila hata ya dawa. Kijijini kwetu nilishuhudia fahali akihasiwa kwa koleo la Burdizzo, wanaume watano wamemlalia, mmoja ameshika pua. Alilia mlio mmoja, kisha kimya. Mwenye koleo akasema, "Mwaona? Keshazoea." Hakuwa mtu mkatili; alikuwa akiifanya kazi kama alivyofundishwa na waliomtangulia, na kwa bei ambayo jirani zake wangeweza kuilipa. Mahali pengine ni kisu, na pengine ni msumeno kwenye pembe za mtamba.

Atatokea msomaji wa kuniambia kwamba hospitali za watu zenyewe hazina dawa, nami naja na nusukaputi za ng'ombe. Ana haki ya kusema hivyo, ila amenielewa vibaya. Simwombei fahali wa Murang'a chumba cha magodoro wala bwawa la maji ya uvuguvugu. Nimeeleza kwa kirefu jinsi kumlaza mnyama mkubwa kulivyo na hatari ili ionekane kwamba mara nyingi hapana haja ya kumlaza kabisa. Ipo dawa ya ganzi, lignokeini, ile ile aitumiayo daktari wa meno. Ukiidunga penye mshipa wa fahamu unaopita baina ya jicho na pembe, pembe hufa ganzi. Ukiidunga ubavuni, ng'ombe hupasuliwa na ndama akatolewa, mama yake akiwa amesimama anacheua. Ukiidunga katika uti wa mgongo karibu na mkia, sehemu za nyuma hazisikii. Hufanya kazi baada ya dakika chache na hudumu kwa takriban saa moja au zaidi. Ni dawa ya zamani, nayo si ghali ikilinganishwa na bei ya ng'ombe mwenyewe. Kinachohitajika ni mtaalamu anayejua kipimo, hasa kwa mbuzi na kondoo ambao kiasi kidogo tu huweza kuwadhuru, na subira ya kungoja dakika hizo chache kabla ya kuwasha msumeno.

Subira hiyo ndiyo adimu. Nimewahi kumwona mtu akidunga ganzi na kukata wakati huo huo, kana kwamba sindano yenyewe ndiyo dawa.

Kwa walimu wa kilimo nina ombi. Wanafunzi wetu hukariri njia za kuhasi na njia za kukata pembe, wakataja faida za kila moja na vyombo vyake, nao hupata alama zao. Miaka yote niliyofundisha sijauona mtihani unaouliza mnyama husikia nini wakati huo, wala afanyiwe nini asisikie. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, tunayo. Kitivo cha udaktari wa wanyama tunacho pale Kabete. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu punda zaidi ya milioni moja katika nchi hii, na ng'ombe ni mamilioni mengi kupita hao. Wengi wa watakaowashika wanyama hao kwa kamba wamekaa madarasani mwetu sasa hivi, na wengi wao hawatafika Kabete.

Basi ningependa kuliona swali hili katika karatasi ya Kidato cha Tatu: Mtamba wa miezi minane anakatwa pembe. Eleza dawa ya ganzi itadungwa wapi, utangoja kwa muda gani, utajuaje kwamba imeshika, na utamtazamia nini mnyama huyo jioni hiyo na kesho yake. Alama 10, na nne kati yake ziwe za sehemu ya mwisho.